Nimetenga kikombe cha mume wangu. Je, tuchanjwe nyumba nzima?

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi wilaya ya Tandahimba. Nauza vitenge na kanga gulioni, mume wangu ni mkulima wa korosho. Ndoa yetu ina miaka 18 na watoto watatu: binti aliyezaliwa 2008, wa kiume wa 2014 na kitinda mimba wa 2021. Tunaishi na mama mkwe, ana kama miaka 68, na shemeji yangu mdogo wa miaka 20.

Mwezi Machi wifi alijifungua kwa upasuaji, ndugu wakaombwa kuchangia damu. Mume wangu akajitolea. Baada ya siku kadhaa akapigiwa simu, akaambiwa damu yake haitatumika kwa sababu ina homa ya ini aina ya B. Alikaa nalo moyoni wiki mbili kabla ya kuniambia. Tena aliniambia usiku, taa imezimwa, na hapo hapo akasema: "Asijue mtu. Hata mama."

Yeye haumwi. Analima, anapogolea mikorosho, anakula vizuri. Nisiyelala ni mimi. Nimetenga kikombe chake cha bati na sahani yake, naviosha mwisho. Ameona, hakusema kitu. Na moyo unaniuliza aliutoa wapi. Kuna miaka alikuwa akivuka kwenda Msumbiji kibiashara, anakaa huko hata miezi miwili. Sijamuuliza.

Nilikwenda zahanati moja ya binafsi, nikajifanya naulizia kwa niaba ya shoga yangu. Wakasema kipimo ni 15,000, sindano 25,000, na kila mtu anachomwa tatu. Nikapiga hesabu: mimi, watoto watatu, mama mkwe na shemeji, watu sita, ni 540,000. Kikoba chetu kinavunjwa mwezi huu wa Mei, fungu langu ni 480,000, na tulishakubaliana ziende kwa vibarua wa palizi na wapulizaji. Usipopulizia kwa wakati ubwiri unga unakula maua, na mwaka umeisha.

Halafu kuna maneno ya watu. Mmoja anasema chanjo hii ilisimamishwa Ulaya kwa sababu inaharibu mishipa ya fahamu. Mwingine anasema wanakudunga ugonjwa wenyewe, maana kuna kijana wa kijiji cha jirani alichomwa sindano ya kwanza, mwezi haujaisha macho yakawa manjano. Naogopa kutoa fedha za shamba nikanunua maradhi.

Tulipanga pia Desemba nitoe kijiti tutafute mtoto wa nne. Likizo hiyo hiyo mwanangu wa kiume anaingia jando. Na nyumbani wembe wa kunyolea ni mmoja, tunauchomeka kwenye fremu ya dirisha, basi kila nikitazama nyumba naona mambo yananijia kwa pamoja. Nichukue fedha za shamba? Nimwambie mama mkwe? Nifanyeje?

Mama Watatu, Tandahimba

JIBU

Marahaba, Mama Watatu. Pole kwa kuubeba mzigo huu peke yako tangu usiku ule.

Kabla ya fedha, tuanze na kikombe. Kirusi cha homa ya ini B hukaa kwenye damu na majimaji ya uzazi. Hupita kwa tendo la ndoa, kwa damu inayoingia kwenye jeraha hata liwe dogo la kutoonekana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hakipiti kwenye ugali, kikombe, kikohozi, jasho, wala kwa mbu. Kikombe cha bati kinaweza kurudi na vingine leo jioni bila hatari yoyote, na nadhani aliyeona kikitengwa ataona pia kikirudi.

Wembe wa dirishani ndio wenye neno. Kirusi hiki kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata kwenye doa la damu lililokauka. Baba akijinyoa Jumapili akajikata kidogo, shemeji akiushika wembe ule Jumatano bado kina nguvu. Utupeni, na kila mtu awe na wake, pamoja na mswaki na kikata kucha. Damu ikimwagika, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, mimina jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, acha dakika kumi, ndipo ufute. Bei ya hayo yote haifiki ya sindano moja. Na wa jando naye, wembe wake uwe mpya, wa kwake peke yake, awe anapelekwa porini au hospitali.

Sasa Msumbiji. Hujamuuliza, na sitakuambia usiulize, ila kuna jambo la kulijua kwanza. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa kirusi hiki, mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miezi sita. Kati ya watu wazima 100, hawafiki watano wanaobaki nacho. Kwa mtoto mchanga ni kinyume: kati ya 100, kama 90 hubaki nacho maisha yote. Kwa hiyo mwanamume wa makamo anayekutwa nacho bila kuumwa, kuna uwezekano mkubwa alikipata akiwa mgongoni kwa mama yake au akicheza na wenzake, kabla Tanzania haijaanza kuwapa watoto chanjo hii. Hilo halithibitishi kwamba safarini hakukutokea kitu. Linaonyesha tu kwamba kipimo hiki hakiwezi kumshitaki mtu, wala hakiwezi kumsafisha. Kama una jingine la kumuuliza, liulize kwa sababu zake.

Na ukilipokea hilo, hesabu yako yote inabadilika. Ikiwa amekuwa nacho tangu utotoni, basi mmelala kitanda kimoja miaka 18 nacho kikiwepo. Huenda kiliwahi kukuingia, mwili ukakishinda, na sasa una kinga ya kudumu. Chanjo haina cha kukuongezea. Huenda unacho bila kujua, na hapo chanjo haitakudhuru lakini haitakitoa. Utakuwa umelipa 75,000 kwa kitu kisichokusaidia huku ukidhani umekingwa. Au hakijawahi kukugusa, na hapo ndipo sindano tatu zina faida kubwa. Huwezi kujua uko wapi bila kipimo. Ndiyo maana shilingi ya kwanza ni ile 15,000 yako wewe, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kipimo hicho kwenye karatasi huandikwa HBsAg. Kikisema hasi, swali la pili ni kama una kinga tayari. Huonekana kwa vipimo vya anti-HBs na anti-HBc, ambavyo maabara nyingi ndogo hazina. Ukivikosa usihangaike: mwenye HBsAg hasi anaweza kuchanjwa tu, na akiwa na kinga tayari, sindano haimdhuru.

Jibu lako ndilo litakaloamua habari za watoto. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, ikiwa pamoja na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, na mwaka 2009 ikaja pentavalenti, ile ya tano kwa moja. Toa kadi za kliniki. Kwa wa 2014 na wa 2021 tafuta mstari ulioandikwa Penta 1, 2 na 3. Kwa binti wa 2008 tafuta DPT-HB. Tarehe zote tatu zikiwepo, wameshachanjwa chanjo hii hii, bure, na hawahitaji kurudia. Kadi ikiwa imepotea au kuliwa na mchwa, uliza kituo alichochanjiwa kama daftari lipo. Hata shemeji wa miaka 20 yumo kwenye kizazi hicho, kama mama yake alimpeleka kliniki.

Ila ukikutwa nacho wewe, watoto wote wapimwe hata kama kadi zimejaa. Penta huanza wiki ya sita, na mtoto wa mama mwenye kirusi anaweza kuambukizwa siku ile ile ya kuzaliwa, kabla sindano haijamfikia.

Unaona zile 540,000 zinavyopungua. Kwa kuanzia ni vipimo vitatu, chako, cha mama mkwe na cha shemeji, 45,000. Mama mkwe kwa umri wake huenda alikutana na kirusi hiki zamani sana, na kumnunulia sindano tatu bila kupima ni kubahatisha. Lakini kuna kitu kimenishangaza kwenye hesabu yako: watu sita umewahesabu, na mume wako hayumo. Mtu pekee mnayejua kwamba ana kirusi hana hata senti moja.

Yeye chanjo haimfai tena. Anachohitaji ni kujua ini lake likoje, maana ini halilalamiki mpaka limeharibika sana. Kupogolea na kula vizuri si ushahidi. HBsAg irudiwe baada ya miezi sita tangu ile ya Machi. Ikiwa bado ipo, ndipo huitwa ya kudumu. Vipimo vya awali ni vimeng'enya vya ini na hesabu ya damu, ambavyo daktari huvitumia kukadiria kama ini limeanza kupata makovu, kisha utrasaundi, na ikiwezekana wingi wa kirusi kwenye damu. Apimwe na VVU, kwa sababu dawa kuu ya homa ya ini B, tenofovir, hutumika pia kwenye VVU, na mwenye vyote viwili hatibiwi kwa dawa moja peke yake. Si kila mwenye kirusi huanzishiwa dawa. Anayeanza asiache kiholela, maana kirusi kinaweza kurudi kwa kishindo na kuliumiza ini. Ulizieni vipimo hivi hospitali ya Ligula au ya Ndanda, na mpate bei zao kabla ya kugawa fungu la kikoba.

Mengine kwake hayana gharama ila ni magumu. Msimu wa mabibo unakuja, na uraka, ile pombe ya mabibo, utakuwa kila kona, na nipa, ile kali ya kukenekwa, nayo. Kwa ini lenye kirusi hiki, pombe ni kumwaga mafuta kwenye moto. Karanga na mahindi yenye ukungu nayo yaondoke nyumbani. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, na homa ya ini B vikikutana, hatari ya saratani ya ini huzidi sana kuliko ya kila kimoja peke yake. Na dawa za mizizi za "kusafisha ini", ambazo ataletewa siku watu wakijua, nyingine ndizo huliumiza ini lenyewe.

Nirudi kwenye sindano na maneno ya watu. Habari ya Ulaya ina mzizi wa kweli. Mwaka 1998 Ufaransa ilisimamisha kuchanja wanafunzi shuleni baada ya watu kadhaa kupata ugonjwa wa mfumo wa fahamu uitwao multipo sklerosisi. Chanjo yenyewe haikuondolewa. Utafiti uliofuata haukuonyesha kwamba ndiyo iliyosababisha, na tangu 2018 Ufaransa hiyo hiyo imeifanya ya lazima kwa watoto wachanga. Sehemu hii ya pili haikusafiri hadi gulioni.

Ugonjwa haumo ndani ya chupa. Kilichomo ni protini ya ganda la kirusi, iliyotengenezwa kwa hamira, bila kirusi kizima wala kilichokufa. Kijana wa macho manjano simjui, lakini homa ya ini B hujitokeza mwezi mmoja hadi miezi sita tangu mtu aambukizwe, na aliyeambukizwa kabla ya sindano anaweza kuugua baada yake. Tena manjano yana sababu nyingi.

Madhara yapo, na ni haki yako kuyajua. Mkono huuma siku moja au mbili, wengine hupata homa ndogo na uchovu. Mzio mkali hutokea mara moja hivi kwa kila dozi milioni, ndiyo maana ukae hapo kituoni kama dakika 15 baada ya kuchomwa. Mwenye mzio mkali wa hamira, au aliyezidiwa na dozi iliyotangulia, asichomwe. Ugumba hausababishi, na mjamzito anaweza kuchanjwa.

Kinachoharibika mara nyingi ni utoaji wake. Chanjo hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na watu huogopa kukatika kwa umeme kumbe adui mkubwa wa chanjo hii ni barafu: ikiganda, imekufa, hata ikiyeyuka tena. Omba uone chupa na tarehe yake, na uulize kipimajoto cha friji kinasoma ngapi; mhudumu mzuri hakasiriki. Mtu mzima huchomwa begani. Ya takoni hufanya kazi vibaya, kwa hiyo ukiambiwa geuka, kataa kwa upole. Na upewe kadi yenye tarehe na namba ya chupa.

Ratiba ni siku ya kwanza, mwezi mmoja baadaye, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Ukianza katikati ya Mei, ya pili ni katikati ya Juni, na ya tatu ni katikati ya Novemba, minada ya korosho ikiwa imeshaanza na malipo ya ghalani yakiingia. Kwa hiyo kwa sindano zako, kinachogombana na vibarua ni 50,000 tu. Ukichelewa dozi huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Wengi huambiwa waanze upya na kulipishwa bure. Ila sindano moja hukinga pengine nusu ya watu au pungufu, mbili kama 75 kwa 100, tatu zaidi ya 90. Mpaka ya tatu, kondomu. Na kwa kuwa mwenzako anacho, mwezi mmoja au miwili baada ya ya tatu pima anti-HBs; ikifika 10 au zaidi, umeitikia. Mwenye umri wako kwa kawaida huitikia, na kinga hiyo hudumu miaka 20 na zaidi bila kuongezewa.

Unaweza pia kungoja Novemba ulipe yote kwa mara moja. Shamba litakuwa salama, lakini utakuwa umekaa miezi sita bila kinga, na dozi ya tatu itasogea hadi Mei ya mwaka kesho, wakati Desemba mlishaipanga. Au uchukue fungu lote sasa uchanje kila mtu, ubwiri unga ukapata mwanya, na sehemu ya fedha ikaenda kwa watoto waliokwisha kukingwa. Au ugawe. Wewe ndiye unayejua mkorosho mmoja uliokosa dawa unawagharimu nini.

Kuhusu mtoto wa nne, ukiwa hasi na umekamilisha chanjo, mpango wenu hauna kizuizi. Ukiwa nacho, bado unaweza kuzaa mtoto mzima, lakini kwa maandalizi: upimwe wingi wa kirusi wakati wa ujauzito, na ukiwa mwingi upewe tenofovir miezi ya mwisho, na mtoto achomwe dozi ya kuzaliwa ndani ya saa 24. Hospitali utakayochagua uiulize mapema kama dozi hiyo ipo, kwa sababu ikikosekana siku ile, saa hazisubiri. Kunyonyesha hakuna tatizo.

Limebaki lile la giza na taa iliyozimwa. Amekuomba asijue mtu, nawe ukiipima nyumba nzima kimya kimya, siri itavuja kwa njia mbaya. Kupimwa wewe na kuchanjwa si kutoa siri yake. Watu hupima homa ya ini kwa ajili ya kazi, safari au uzazi, na mhudumu hana ruhusa ya kusema. Mama mkwe ndiye mgumu. Anahitaji kupimwa kwa faida yake, na pia akisikia ghafla anaweza kujiona yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Ningefikiri neno hilo ni la mwanawe kulisema, lakini hawezi kulisema wakati bado anaona aibu mbele ya mkewe. Pengine ukianza na, "Baba, nimesoma, inawezekana ulizaliwa nacho, nataka tupime wote wawili siku moja," utasikia kilichokuwa nyuma ya ile sentensi. Pengine atanyamaza tena wiki mbili. Vyote viwili vinawezekana, nawe unamjua.

Mkienda, beba kadi za watoto na karatasi yake ya Machi kama alipewa. Nendeni asubuhi, maabara hupokea sampuli mapema, na Tandahimba hadi Ndanda si mwendo wa kuanza mchana. Majibu yakitoka, niandikie: HBsAg yako, tarehe zilizo kwenye kadi, na bei mliyotajiwa ya vipimo vyake. Tutapiga hesabu upya, safari hii naye akiwemo.